Wachimbaji wa Millet wakitazamwa kutoka Dodoma

Jembe limo katika Nembo ya Taifa letu likiwa limepishana na shoka, limo katika bendera ya chama tawala likiwa limepishana na nyundo, na limo katika mabango yanayotundikwa kila mwaka kwenye viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni. Pamoja na hayo, ni nadra kukuta picha ya Kitanzania inayoonyesha jembe likiwa kazini, limeinuliwa na mtu aliyekwisha kuchoka, au limegota kwenye udongo usiotaka kupasuka. Tunachoonyeshwa ni chombo peke yake, au mkulima aliyesimama wima, amevaa shati safi, anatabasamu na kushika hindi mkononi. Upungufu huu nilianza kuuona vizuri baada ya kuzoea kutazama kazi za watu wa mbali sana na Ugogo, yaani chapa za Kifaransa zinazoonyesha wakulima, na hasa chapa za shaba za Jean-François Millet, zilizotengenezwa katikati ya karne ya 19. Nazitazama kwenye kompyuta, kwa kuwa makumbusho makubwa ya ng'ambo yameweka picha zake kwenye mtandao kwa ubora unaomwezesha mtu kuukuza mstari mmoja mpaka ujaze kioo kizima.

Huenda wapo wasomaji ambao hawajapata kuona chapa ya shaba inavyotengenezwa, na bila kulijua hilo sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika itawapita. Bamba la shaba husuguliwa mpaka ling'ae, kisha hupakwa utandu mwembamba wa nta iliyochanganywa na lami, na utandu huo hupitishiwa moshi wa mshumaa ili uwe mweusi. Msanii huchora juu yake kwa sindano. Haikwaruzi shaba yenyewe, bali huiondoa nta tu pale anapotaka mstari. Bamba likitumbukizwa katika asidi, asidi huila shaba mahali palipoachwa wazi, na mistari inayotakiwa kuwa mizito huachwa iliwe kwa muda mrefu zaidi. Baada ya hapo nta huondolewa, wino hupakwa na kufutwa hadi ubaki ndani ya mifereji peke yake, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu ya bamba kwa mashine ya rola nzito inayozungushwa kwa mkono. Picha inayotoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto, na ndiyo maana mchoraji asiyekuwa makini anaweza kujikuta ametengeneza kijiji kizima cha watu wanaotumia mkono wa kushoto. Ni kazi chafu na ya polepole, yenye kuinama kwingi, na sidhani kama ni bahati tu kwamba baadhi ya watu walioipenda walikuwa wamekulia mashambani.

Wakulima walikuwa wamekwishachapwa Ufaransa muda mrefu kabla ya Millet. Mwishoni mwa karne ya 15 wachapishaji wa Paris, miongoni mwao Philippe Pigouchet na Antoine Vérard, walikuwa wakitoa vitabu vya sala vilivyoanza na kalenda, na kila mwezi katika kalenda hizo ulikuwa na kazi yake ya shamba: majani ya mifugo hukatwa Juni, ngano huvunwa Julai na kupurwa Agosti, zabibu hukanyagwa Septemba, na mwisho wa mwaka nguruwe huchinjwa. Machi ni mwezi wa kupogoa mizabibu, na mtu yeyote aliyepita mashamba ya Hombolo au Mpunguzi akawaona wakulima wakiwa na mikasi wanaikata mizabibu mpaka ibaki vigogo vitupu ataitambua kazi hiyo mara moja, ingawa huku kwetu mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na kalenda ya Mfaransa isingetufaa. Picha hizo ni nzuri, lakini mkulima aliyemo hana mwili. Amewekwa pale ili mwezi ujulikane, kama vile samaki wawili wanavyowekwa ili nyota ya Hutu ijulikane, na uso wake hauonyeshi kwamba amefanya kazi yoyote tangu asubuhi.

Chapa inayonivutia zaidi miongoni mwa zile za kabla ya Millet ilitoka mwaka 1789, na mtengenezaji wake hajulikani. Inamwonyesha mkulima mzee aliyepinda, amewabeba mgongoni kasisi na bwana wa tabaka la juu, naye anajiegemeza juu ya mpini wa jembe lake ili asianguke. Maandishi yaliyomo humo yanataja mizigo ya wakati ule: zaka, kodi ya chumvi, na shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo. Watu wengi huishia kwenye mzaha huo wa kubebwa, ambao kwa kweli ni mwepisi. Mimi nawaomba watazame chini, miguuni pa mzee, ambako sungura wanajilia kabichi na ndege wanadonoa nafaka bila wasiwasi wowote. Sheria za wakati ule ziliwapa mabwana haki ya kuwinda na ya kufuga njiwa, na mkulima hakuruhusiwa kuwagusa wanyama na ndege hao hata wanapommalizia shamba. Haki hizo zilifutwa katika usiku maarufu wa tarehe 4 Agosti 1789, mwanzoni mwa Mapinduzi ya Ufaransa. Mtu aliyepata kuamia ndege katika shamba la uwele, akapiga kelele na kurusha mawe tangu alfajiri hadi jua kuzama ili kwelea kwelea wasije wakaacha mabua matupu, hahitaji kuelezwa uzito wa sheria inayomkataza mkulima kumfukuza njiwa. Hapo ndipo mchoraji huyo asiyejulikana alipolijua shamba kwelikweli.

Millet alizaliwa mwaka 1814 katika kitongoji cha Gruchy, pwani ya Normandie, katika familia ya wakulima, na alifanya kazi za shamba na baba yake kabla ya kupelekwa Cherbourg kujifunza uchoraji na baadaye, mwaka 1837, kwenda Paris. Mwaka 1849, baada ya mapinduzi ya mwaka uliotangulia na wakati kipindupindu kikiwa mjini Paris, alihamia kijiji cha Barbizon kilichoko kando ya msitu wa Fontainebleau, akakaa huko hadi alipofariki mwezi Januari 1875. Mapinduzi hayo ya 1848 yalikuwa yamewapa wanaume wote haki ya kupiga kura, na kwa kuwa takriban robo tatu ya Wafaransa walikuwa wakiishi vijijini, watu wa mjini wakatambua ghafla kwamba mkulima aliyekuwa akichekwa kwa viatu vyake vya mbao ndiye sasa mwenye kuamua nani atawale. Sisi ambao takriban thuluthi mbili yetu bado tunaishi vijijini tunaweza kuielewa hofu hiyo bila taabu. Millet alipoonyesha mchoro wake wa rangi wa wanawake watatu wanaookota masazo ya mavuno, mwaka 1857, mhakiki mmoja wa gazeti la Le Figaro alidai kuwa nyuma ya wanawake hao alikuwa akiona mikuki ya wafanya ghasia na majukwaa ya kukatia watu vichwa ya mwaka 1793. Wanawake wenyewe walikuwa wameinama wakitafuta masuke!

Katika maisha yake yote Millet alitengeneza takriban chapa ishirini tu za shaba, na zilizo bora, kwa maoni yangu, ni zile za mwaka 1855 na 1856, zilizochapwa Paris na fundi Auguste Delâtre. Napenda chapa hizo kuliko michoro yake ya rangi. Rangi za Millet zina ule mwanga wa jioni unaomfanya mtazamaji ajisikie ametakasika, na mtu akiona mwanga mzuri husahau kuuliza hawa watu wamelala saa ngapi. Kwenye chapa hakuna mwanga wa kujificha nyuma yake; kuna mistari na karatasi, na mwili wa mtu ni lazima usimame kwa uzito wake wenyewe.

Chukua ile iitwayo Les Bêcheurs, yaani Wachimbaji. Wanaume wawili wako bega kwa bega katika uwanda mtupu, wote wameinama, wote wameshika sepetu. Hawako katika hatua moja ya kazi: kila mmoja ameshikwa na msanii katika nukta yake ya ule mzunguko wa kukita, kukandamiza, kuinua na kugeuza, kwa hiyo ukihamisha macho kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine unakuwa umeshaona kazi ikifanyika, ingawa hakuna kilichotikisika. Mistari ya udongo ni mifupi, ya kuparamia, inaelekea huku na huku. Mistari ya migongo ni mirefu na imefuata mkunjo wa nguo. Ukiikuza picha utaona kwamba udongo uliokwisha kugeuzwa umechorwa tofauti na udongo ambao bado haujaguswa. Jambo hilo mchoraji wa mjini asingelijali, na mkulima asingelisahau.

Niliichapisha picha hiyo kwenye karatasi ya kawaida nikampelekea shangazi yangu, Mvumi, ambaye amelima mtama, uwele na karanga maisha yake yote, kwa sababu nilitaka jicho ambalo halijasoma vitabu vya sanaa. Aliiweka mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo watu wasiopenda miwani, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, hawa wanachimba nini? Kaburi?"

Nikamwambia, "Hapana, Shangazi, wanalima."

"Kwa sepetu?"

"Ndiyo, kwa sepetu."

"Basi hawana ng'ombe," alisema, na akanirudishia karatasi kana kwamba suala limekwisha.

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu chapa hiyo, kuhusu uwiano wa miili na kuhusu athari za wachongaji wa zamani, na hakuna mahali nilipokuta jambo hilo limesemwa kwa ufupi na usahihi wa namna hiyo. Ufaransa ya wakati ule ilikuwa nchi ya plau, na mashamba makubwa ya uwanda wa Chailly, ulio karibu na Barbizon, yalilimwa kwa farasi. Mtu aliyekuwa akiugeuza udongo kwa sepetu, pande moja baada ya jingine, ni yule ambaye hakuwa na mnyama wa kukokota plau, au kibarua aliyelipwa kufanya kwa mikono kile ambacho mnyama asingeweza. Kwa hiyo sepetu hizo mbili zinatuambia hali ya watu hawa kwa uhakika kuliko viraka vya nguo zao. Shangazi aliongeza baadaye, tulipokuwa tunakunywa chai, kwamba wanaume hao wangeberega tu wangemaliza mapema. Kuberega, kwa msomaji asiye wa huku, ni kuparua majani juu juu na kupanda bila kulitifua shamba, na mabwana shamba wameipiga vita desturi hiyo kwa miaka mingi. Sikumbishia, kwa sababu mtu anayeukata udongo wa Dodoma mwezi Novemba, kabla mvua haijatulia, ana haki ya kuwa na maoni yake kuhusu kina cha kulima.

Chapa nyingine aliyoipenda, na hii aliipenda kwa furaha, ni ile ya mwanamke anayesukasuka maziwa ili apate siagi. Mwanamke amesimama, mikono yake yote miwili imeushika mti mrefu unaopanda na kushuka ndani ya pipa jembamba la mbao, na paka anajisugua kwenye sketi yake. Wanawake wa Kigogo hutikisa maziwa katika kibuyu, wakiwa wameketi, na vyombo havifanani hata kidogo. Lakini paka huyo hakuhitaji kutafsiriwa. Nadhani Millet alimweka pale kwa sababu ile ile iliyomfanya shangazi acheke: paka hatazami kazi, anasubiri matokeo yake. Mwili wa mwanamke ndio unaonishangaza mimi. Uzito wake haujakaa miguuni, umepanda mabegani, maana mti ule unashushwa kwa uzito wa mwili mzima wala si kwa viganja, na mtu akitwanga kwenye kinu kwa nusu saa ataliona hilo mwenyewe.

Kuhusu ile ya wanawake wanaookota masazo, chapa yake ya shaba ilitangulia mchoro wa rangi, na ni ndogo kuliko karatasi ya kawaida ya ofisini. Wanawake wawili wameinama kabisa, wa tatu ameinuka nusu, na yeye ndiye anayetuonyesha kwamba kuinama huko kunauma. Kuokota masuke yaliyobaki ilikuwa haki ya maskini, wazee na watoto, iliyolindwa na amri za wafalme wa Ufaransa tangu karne ya 16, na iliruhusiwa mchana tu, baada ya mavuno kuondolewa. Wasomaji wa Biblia wanamjua Ruthu katika konde la Boazi. Wenyeji wa huku wanawajua pia watoto wanaorudi kwenye shamba la karanga lililokwisha kung'olewa, wakachokonoa udongo kwa vijiti. Tofauti ni kwamba watoto hawa huwa wanacheza kidogo, na katika chapa ya Millet hakuna anayecheza.

Sitaki kumfanya Millet kuwa mkamilifu. Nyuso za watu wake mara nyingi zimefunikwa na kivuli, na hazina jina. Yapo maelezo mazuri ya jambo hilo, kwamba mtu anayelima hutazama chini na aliyeinama haonyeshi uso, na ninakubaliana nayo kwa kiasi fulani, hasa ninapokumbuka wapiga picha wa miradi wanaofika vijijini kwetu na kumwomba mama asimamishe jembe, ageuke, atabasamu. Lakini mtu akiwa hana uso katika chapa moja, na ya pili, na ya tatu, mwishowe anageuka kuwa Mkulima kwa jumla, mwenye kutaabika tangu Adamu na atakayeendelea kutaabika, na mtazamaji wa mjini anapata kumhurumia bila kulazimika kujiuliza shamba ni la nani na kodi inakwenda wapi. Millet mwenyewe alikataa kuitwa mjamaa. Yule mchoraji wa 1789, pamoja na ufundi wake wa kubahatisha, alikuwa ameuliza swali ambalo Millet hakuliuliza.

Malipo pia yamekosekana. Katika chapa hizi zote za kuvuna, kupura na kuchimba hakuna mahali ambapo kibarua anapewa ujira wake, na hapo inambidi mtu arukie mchoro wa rangi wa Léon Lhermitte wa mwaka 1882, ambamo wavunaji wamekaa uani wakilipwa mwisho wa kazi, na mmoja wao ameuegemeza mundu wake mkubwa na kutazama mbele kwa uchovu. Nimeutaja kwa kupita tu, kwa kuwa si chapa.

Umaarufu wa wakulima wa Millet haukutokana na chapa za shaba peke yake. Tarehe 7 Februari 1853 gazeti la picha la L'Illustration lilichapisha mfululizo wake wa kazi kumi za shamba, uliochongwa kwenye mbao na Adrien Lavieille. Chapa ya mbao ilikuwa na faida moja kubwa: kipande cha mti mgumu kilichochongwa kingeweza kufungwa pamoja na herufi za risasi na kuchapwa nazo kwa mara moja, kwa hiyo picha ilimfikia kila msomaji wa gazeti. Kila kazi katika mfululizo huo imepewa mtu wake: anayekata kwa mundu, anayefunga miganda, anayekusanya kwa reki, anayekata manyoya ya kondoo, anayeponda kitani, anayesokota uzi. Anayepura ngano ameinua fimbo mbili zilizounganishwa kwa ukanda wa ngozi, na mtu aliyezoea kupura mtama kwa fimbo moja atashangaa ile ya pili inavyozuiwa isimrudie mpigaji kichwani. Mandhari karibu hayamo. Van Gogh alizipenda picha hizo tangu alipoanza kuchora mwaka 1880, na mwaka 1889, akiwa hospitalini huko Saint-Rémy na bila watu wa kumkalia ili awachore, alizirudia kwa rangi kutoka kwenye chapa nyeusi na nyeupe. Kwa namna hiyo mwendo wa mkono wa mkulima wa Barbizon ulipita kwenye kalamu ya Millet, ukapita kwenye patasi ya Lavieille, ukaishia kwenye brashi ya Mholanzi aliyekuwa akitibiwa kusini mwa Ufaransa, na bado mtu anaweza kusema huyu anafunga mganda na huyu anaponda kitani.

Swali la nani alinunua chapa hizi halipendezi, lakini linahusika. Hawakuwa wakulima. Mwaka 1862 mchapishaji Alfred Cadart alianzisha chama cha kueneza chapa za shaba, na wateja wake walikuwa watu wa mjini wenye kabati za kuhifadhia karatasi. Rafiki wa Millet, Alfred Sensier, alisaidia kukusanya kikundi cha wanunuzi kumi wa kumtengenezesha chapa, na mojawapo iliyotokana na mpango huo, ya mwaka 1863, inamwonyesha mwanamume na mwanamke wakienda shamba asubuhi, kikapu kikiwa kichwani kwa mwanamke na uma wa kugeuzia udongo begani kwa mwanamume. Wanunuzi wa aina hiyo walipenda bamba liharibiwe baada ya nakala chache ili thamani ya nakala hizo isishuke. Millet aliuchukia mtindo huo na aliusema waziwazi mwishoni mwa miaka ya 1860, bamba lake lilipoharibiwa pamoja na ya wenzake baada ya kuchapwa kitabu cha mashairi na picha. Katika nyumba za wakulima wenyewe kilichobandikwa ukutani kilikuwa kitu kingine, chapa za rangi kali zilizotoka Épinal, ambako kiwanda cha Pellerin kilianzishwa mwaka 1796, zikichukuliwa na wachuuzi waliotembea kijiji kwa kijiji: watakatifu, wanajeshi wa Napoleon, hadithi za watoto. Sioni ajabu yoyote. Kuta za vijijini kwetu zina kalenda za makampuni ya simu na picha za wachezaji mpira, na mtu aliyeshinda shambani ana sababu za kutosha za kutotaka kuliona tena anapofungua mlango.

Mwenzake Millet, Charles Jacque, waliyehamia naye Barbizon mwaka ule wa 1849, alitoa chapa mamia za kondoo, mazizi na nguruwe, na zilinunuliwa vizuri. Ni kazi za fundi stadi, na mtu huyo aliwajua wanyama mpaka akaandika kitabu kizima kuhusu ufugaji wa kuku. Ila wachungaji wake wamekaa mno.

Aliyeuendeleza uwanja huu kwa kweli ni Camille Pissarro, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Thomas huko Karibi, aliyehamia kijiji cha Éragny mwaka 1884 na kununua mashine yake ya kuchapia miaka kumi baadaye. Aliudhika kila alipolinganishwa na Millet, na aliwahi kumwandikia rafiki yake kwa kejeli kwamba Millet ndiye aliyekuwa wa kibiblia mno, ilhali yeye mwenyewe ni Myahudi. Wakulima wa Pissarro huzungumza wakiwa kazini. Wanapalilia wakiwa wamechuchumaa kwa mstari, mmoja amegeuza shingo kumsikiliza mwingine, na hilo ni jambo ambalo Millet aliliacha kabisa, ingawa kila mtu aliyewahi kupalilia na wenzake anajua kwamba bila maneno kazi ile haiishi. Tena Pissarro aliwafuata mpaka sokoni. Chapa zake za masoko ya Pontoise na Gisors zinawaonyesha wanawake wamesongamana na vikapu, wanapima, wanabishana, na mkulima kwa mara ya kwanza anakuwa mtu mwenye kitu cha kuuza na bei ya kutetea. Ninapopita soko la Majengo, au ninapoyaona magunia pale Kibaigwa, ni Pissarro ninayemkumbuka wala si Millet. Alikuwa na msimamo wa kianarkisti, yaani wa kukataa utawala wa dola, lakini hakuuweka kama kibandiko kwenye chapa zake za wakulima. Alimpa mkulima ulimi, na nadhani ulitosha. Pamoja na mwanawe Lucien alitengeneza pia chapa za mbao za kazi za shamba, baba akichora na mwana akichonga, na barua zao nyingi zinazungumzia mstari gani uwe mnene na upi uondolewe.

Hapa Tanzania chapa ya shaba si kitu kigeni kabisa, kwa kuwa ilifanywa katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, na wasanii kama George Lilanga na Robino Ntila walifanya kazi hiyo. Katika nilizopata kuziona, mashetani na ngoma ni vingi kuliko palizi. Laiti angetokea kijana wa Dodoma mwenye bamba, sindano na subira, ningemwelekeza kwanza kwenye dungu la kuamia ndege wakati uwele umeiva, halafu kwa wanawake wanaopepeta jioni upepo unapobadilika, halafu Bahi, katika majaruba ya mpunga, ambako miguu ya mtu haionekani na mgongo hauna pa kujificha. Kwa sasa, anayetaka kuanza kutazama aanze na Les Bêcheurs, aikuze mpaka mikono ijaze kioo, na aangalie umbali uliopo kati ya mkono wa juu na mkono wa chini kwenye mpini wa sepetu. Kisha aende akamtazame mtu anayelima.